Mkutubi wa chuo kikuu hufanya nini kutwa nzima?

Ndugu mmoja hapa ameuliza mambo mawili: mkutubi wa chuo kikuu hufanya kazi gani zaidi ya kugonga mihuri, na kama inafaa mdogo wake akasomee ukutubi wakati huu ambapo watu wanasomea kwenye simu. Mimi ni mstaafu wa Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere, nilikoingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu, na naomba mnivumilie nikirefusha.

Kugonga mihuri kulikuwa sehemu ndogo sana. Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha kwamba kitu kilichoingia maktabani leo kitapatikana na mtu atakayekitafuta baada ya miaka thelathini, mtu ambaye humjui wala hujui atakuja na swali gani. Kitabu kikirudishwa rafu mbili kando ya mahali pake, kimepotea, kwa maana hakuna atakayekiona tena ila kwa bahati. Ndiyo sababu asubuhi, kabla ya wanafunzi kujaa, tulikuwa tukisoma rafu, yaani tunapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu na kulinganisha namba moja na inayofuata, mpaka macho yanauma. Wakati wa mitihani kazi hiyo iliongezeka, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi walikuwa na ujanja wao: kitabu cha sheria kilichotafutwa na darasa zima ungekikuta kimelala nyuma ya vitabu vya kilimo, pale ambapo aliyekificha peke yake angekifikia. Tulizijua njia zao. Wale waliokuja na wembe kukata kurasa ndio waliotushinda, na sijawasamehe hadi leo.

Kabla ya kompyuta, njia ya kukifikia kitabu ilikuwa kadi. Kila kadi ilikuwa na upana wa sentimita 12.5 na kimo cha sentimita 7.5, ina tundu chini, na chuma chembamba kinapita katika matundu ya droo nzima ili kadi zisichomolewe ovyo. Kitabu kimoja kilihitaji kadi kadhaa, ya mwandishi, ya jina la kitabu na za mada, zote zikipigwa kwa taipureta. Herufi moja ya jina la mwandishi ikikosewa, kadi inakwenda droo nyingine, na msomaji anaambiwa kitabu hakipo ilhali kipo ghorofa ya juu. Tulitumia uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, yaani mpango wa kukipa kila kitabu herufi na namba kulingana na mada yake, na nakiri kwamba una mambo yake: historia ya Uganda imebanwa katika DT433, na Kiswahili kimewekwa kwenye PL8701 hadi PL8704, chini ya herufi PL zilezile walizopewa vitabu vya lugha za Kijapani na Kichina. Nikipita kwenye rafu hizo nilikuwa nikiwakumbusha wenzangu waliodhani Kiswahili kililetwa kwetu na wanajeshi tu kwamba katika miaka ya 1950 makao ya ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoshughulikia usanifishaji wa lugha, yalikuwa papo hapo Makerere, kabla hayajahamia Mombasa na hatimaye Dar es Salaam.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile inayotunza machapisho ya Uganda na ya Afrika. Ipo sheria ya mwaka 1958 inayowataka wachapishaji wa nchi hii kuwasilisha nakala za kazi zao katika maktaba ya Makerere. Sheria ni sheria, lakini wachapaji wengi wadogo hawakuwahi kuisikia, kwa hiyo ilitubidi tuwafuate wenyewe, tukizunguka mitaa ya Nasser Road na Nkrumah Road mjini Kampala kwenye matbaa zao, tukiomba kijitabu hiki na kile: mahubiri ya mchungaji, katiba ya chama cha ushirika, mashairi ya mwalimu wa shule ya msingi, karatasi za wagombea. Walitushangaa. Mmoja aliniuliza, «Mzee, takataka hizi unazipeleka chuo kikuu?» Nikazipeleka, na miaka baadaye nilimwona mwanafunzi wa shahada ya uzamivu akizinakili kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa.

Magazeti ndiyo yaliyotuchosha zaidi. Tazameni gazeti la serikali: lilikuwa Uganda Argus, Amin alipotawala likawa Voice of Uganda, alipoondoka mwaka 1979 likaja Uganda Times, na mwaka 1986 New Vision. Kwa msomaji wa kawaida ni kubadilisha bango tu. Kwa mkutubi kila jina jipya ni kadi mpya, na kwenye kadi ya zamani lazima uandike kwamba gazeti linaendelea kwa jina fulani, na kwenye ile mpya kwamba lilitanguliwa na fulani. Mtafiti akija kuomba Uganda Argus ya mwaka 1975 hataipata, hata akae wiki nzima, na kama aliyekuwa kwenye dawati hajui mfululizo huo atamrudisha nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa nikimwuliza kwanza, «Unatafuta gazeti au unatafuta habari?» Aghalabu alikuwa akitafuta habari, na tukianza hapo tulifika.

Upungufu wa fedha za kigeni tuliuona kwenye rafu za majarida ya nje, ambako juzuu zilizotiwa majalada zinafuatana vizuri hadi miaka ya 1970, kisha pengo. Misaada ya vitabu ilisaidia sana, ingawa kila kreti lilikuwa na vituko vyake. Niliwahi kufungua moja nikakuta miongozo ya kodi ya jimbo fulani la Marekani. Miaka ya 1990 wanafunzi wa kujilipia waliongezeka na viti vikawa vya kugombewa. Kompyuta zilipokuja tulihamisha kadi kwenda kwenye mashine, na makosa ya taipureta yakahamia pamoja nazo.

Sasa kuhusu mdogo wako. Simu ina mengi, lakini haina vile vijitabu vya Nasser Road, na gazeti la Kiluganda kama Munno, lililoanza mwaka 1911, bado linahitaji mtu wa kujua nakala zipi zipo na ziko wapi. Makerere imekuwa ikifundisha ukutubi tangu mwaka 1963, shule ilipoanzishwa kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, na siku hizi masomo yameongezwa utunzaji wa kumbukumbu na teknolojia ya habari, kwa hiyo akihitimu hafungwi na maktaba peke yake. Kama hana subira na mambo madogomadogo, asiende. Kama anayo, na anasoma vizuri Kiluganda, Kinyankole au Kiswahili pamoja na Kiingereza, aende, kwa sababu machapisho mengi ambayo hayajaorodheshwa ipasavyo yako katika lugha hizo zetu.