Akili ikielea baada ya kufungwa

SWALI: Mimi na mume wangu tumekubaliana anifunge mikono kwa kanga katika mchezo wetu wa mapenzi. Katikati naanza kuelea, ulimi unakuwa mzito. Kesho yake nalia bila sababu. Je, ni ugonjwa? Na wenzetu wa mchezo huu tutawapata wapi? – Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Si ugonjwa, dada. Mwili ukisisimka humwaga adrenalini na endofini, kemikali zake za msisimko na za kutuliza maumivu. Maumivu hufifia, maneno hupotea. Ukiwa huko usiulizwe jambo jipya, maana "ndiyo" yako haina uzito. Hata neno la kusimamisha laweza kukwama kooni, basi shika funguo mkononi: zikidondoka, anafungua papo hapo.

Kanga ina ubaya wake, ukiivuta fundo hukaza kama jiwe. Vidole viwili vipite chini yake, mkasi wa ncha butu uwe karibu, shingo isiguswe kabisa. Yeye ndiye akague vidole vyako; vikipoa au kufa ganzi, afungue.

Baadaye usiachwe peke yako: shuka, chai ya sukari, nusu saa mkikaa pamoja. Kilio chaweza kuja hata siku ya pili. Kisipokoma kwa wiki mbili, muone mshauri nasaha.

Wenzenu? Tanga ni ndogo, habari hufika Chumbageni kabla yako. Akijitokeza mtu, kutaneni kwanza mchana, mgahawani, bila kupeana picha. Akicheka mkitaja mipaka, lipeni chai yenu muondoke.