Klabu ya Sayansi Ianzie Mtaani Kabla ya Kwenda Mashindanoni

Kila muhula wa kwanza unapokaribia, hunijia walimu walezi na wanafunzi wa klabu za sayansi na uhandisi hapa Nairobi wakitaka ushauri kuhusu mashindano, na swali lao huwa karibu lile lile: tufanye mradi gani utakaotuvusha kutoka kaunti ndogo hadi ngazi ya taifa? Nilikuwa mwanachama wa klabu ya aina hiyo nikiwa shuleni, baadaye nikaketi upande wa majaji katika ngazi za chini, na siku hizi nasaidia klabu chache za upande wa Eastlands. Jibu langu halijabadilika. Nendeni mtaani kwanza, kisha mrudi maabara mkiwa na swali.

Klabu nyingi hufanya kinyume. Hushindana kwanza, na zikishapata cheti ndipo wanachama huvaa fulana za rangi moja, wakaenda kwenye makao ya watoto kugawa sabuni, kupiga picha na kuonyesha kifaa ambacho hakuna aliyekiomba. Kugawa sabuni ni jambo jema, lakini kikundi chochote kinaweza kuigawa. Klabu ya sayansi ina kazi yake mahususi, nayo ni kuangalia, kupima na kuuliza.

Nitoe mfano ninaoufahamu kwa karibu. Klabu moja ilikuwa imeunda kengele ya kutambua moshi na gesi ya kupikia, kwa kutumia bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo inayopangiwa programu, na kihisi cha bei nafuu kilichonunuliwa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini. Juu ya meza ya maabara ilifanya kazi vizuri mno, kwani mwanafunzi akifungua gesi ya kiberiti karibu na kihisi bila kuiwasha, kengele ililia papo hapo. Niliwasihi waipeleke kwanza Mukuru, mtaa wa nyumba za mabati hapa Nairobi, na mzee wa mtaa akatupatia mwenyeji aliyekubali tuketi kwake jioni moja ya Julai wakati wa mapishi. Kengele ilianza kulia mara mama alipotia vitunguu kwenye mafuta, na haikukoma hadi sukuma wiki ilipoiva. Majirani walichungulia mlangoni kuuliza kulikoni. Baadaye makaa yalipokolea yakawa mekundu bila moshi wowote, mama aliliingiza jiko ndani ili watoto waote moto, akataka kufunga mlango. Kengele ilikuwa imenyamaza.

"Moshi umeisha, sasa hakuna neno," alisema.

Tulimwomba auache mlango wazi, tukamweleza sababu. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini na kuizuia damu kubeba oksijeni. Kifaa cha wanafunzi kilikuwa kimepiga kelele pasipo na hatari kubwa na kunyamaza pale hatari ilipoingia, jambo ambalo lisingeonekana kamwe katika ukumbi wa mashindano wenye madirisha makubwa na soketi ukutani.

Hapo hapo stima ilikatika, tukajifunza jambo la pili: betri peke yake haingekiendesha kifaa kwa muda mrefu. Vihisi vya aina hiyo vina hita ndogo ndani yake inayotumia takribani wati 0.8, yaani miliampea 160 kwa volti 5, kwa hiyo betri ya volti hizo yenye miliampea-saa 2,000 huisha kabla ya saa 13 kupita, hata kabla hujahesabu matumizi ya bodi yenyewe. Hesabu hiyo ni rahisi kuifanya shuleni, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifanya.

Mradi ulioibuka kutokana na jioni ile ulikuwa bora kuliko ule wa kwanza kwa mbali. Wanafunzi walihamia kihisi cha MQ-7, ambacho hulenga kaboni monoksidi na ambacho hita yake hupewa volti 5 kwa sekunde 60, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90, na kipimo husomwa katika kipindi hicho cha volti ya chini. Iliwabidi wajifunze kudhibiti volti kwa transista na kuandika programu inayosubiri bila kuharakisha. Mama yule alikuwa ameomba taa badala ya sauti, kwa kuwa kuta za mabati hazizuii kelele na jirani yake ana mtoto mchanga. Walimkubalia nusu: taa kwa kiwango cha tahadhari, sauti kwa kiwango cha hatari, maana aliyelala haoni taa. Jaji akiuliza kwa nini mmechagua hivi na si vile, jibu la namna hiyo halihitaji kukaririwa.

Naongeza onyo ambalo silegezi hata kidogo. Msikiache kifaa cha majaribio katika nyumba ya mtu kana kwamba ni kinga, kwa sababu familia itakitegemea na kufunga mlango, wala msijaribu kihisi kwa kuwasha jiko katika chumba kilichofungwa. Kinachobaki nyumbani kwa mwenyeji ni ushauri: jiko likae nje, na mtu akiumwa kichwa au kuona kizunguzungu karibu na makaa, atoke kwenye hewa safi mara moja.

Katika Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo wazazi wengi bado huyaita Kongamano la Sayansi, majaji hupima maandishi, maelezo ya mdomo na fikra za kisayansi. Klabu hutumia fedha nyingi kwa bango na kidogo kwa daftari, na mimi huona huo ni upotevu. Daftari lenye tarehe, vipimo, majaribio yaliyoshindikana na maneno ya watumiaji humwambia jaji mengi kuliko herufi za kumetameta.

Mfano bora wa fikra hizo uko karibu nasi. Richard Turere alikulia ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako simba walikuwa wakiingia usiku kula ng'ombe wa familia yake. Alijaribu moto, haukufaa. Alijaribu sanamu ya mtu, na simba walipoizoea wakarudi. Ndipo alipogundua, akizunguka boma na tochi, kwamba simba huogopa mwanga unaotembea, akaunganisha betri ya gari, paneli ya sola, kiwashio cha taa za ishara za pikipiki na balbu za tochi mbovu ili taa ziwake kwa zamu. Mwaka 2013 alikuwa California akieleza kazi hiyo mbele ya hadhira ya TED, mkutano wa hotuba fupi za mawazo mapya. Ukiondoa simba katika mradi ule, kinachobaki ni taa za kumetameta tu, na za namna hiyo nimeziona nyingi mashindanoni.

Kuhusu ziara za kufundisha watoto wa shule za msingi, chukueni vitu vinavyopatikana sokoni. Malimau matatu au manne, misumari iliyopakwa zinki na vipande vya waya wa shaba, vikiunganishwa kwa mfululizo, vitawasha balbu ndogo nyekundu ya LED, kwani kila limau hutoa takribani volti 0.9. Mwanga utakuwa hafifu, basi fungeni mapazia. Lililo bora zaidi kwa maoni yangu ni kuchemsha maji na kuacha watoto wenyewe wasome kipimajoto. Hapa Nairobi, karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mtoto aliyekariri kwamba ni 100 atadai kipimajoto ni kibovu. Mwacheni abishe kwanza.

Ruhusa ya mwalimu mkuu au ya mzee wa mtaa itafutwe mapema, na watoto wasipigwe picha bila idhini ya wazazi. Kwa vifuniko na fremu, nendeni kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji mkiwa na mchoro wenye vipimo. Fundi atawaonyesha mahali ambapo bati litakunjika vibaya, na ushauri huo huwa haulipiwi.

Kwa kuwa mashindano huanza muhula wa kwanza, ziara za kusikiliza zifanywe Julai ya mwaka unaotangulia, wakati wa baridi, na kuunda kufuate muhula wa tatu. Wanaomaliza shule wakabidhi daftari kwa walio madarasa ya chini kabla ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, kuanza, kwa maana baada ya hapo simu zao huwa hazipatikani.