Je, "Nitakuja" ni Ahadi?

SWALI: Mwenzangu aliniambia, "Nitakuja Jumamosi kukusaidia kuhama." Hakutokea. Nilipomuuliza, akasema hakuahidi chochote kwa sababu neno "naahidi" hakulitamka. Kifalsafa, nani ana haki hapo?

JIBU: Wewe, ila kuna jambo moja la kuangalia kwanza.

Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alionyesha kwamba anayesema "naahidi" haelezi ahadi iliyokwisha kuwapo. Kutamka huko ndiko kuahidi. (Linganisha na "niliahidi", ambayo ni taarifa tu.) Lakini Austin huyohuyo alikiri kuwa kitenzi hicho si lazima. "Nitakuja" tupu inaweza kuwa ahadi. Kinachopungua ni uwazi, kwa kuwa inaweza pia kuwa makisio, nia, hata tishio.

Ili kujua ni ipi, tumia masharti aliyoyaweka mwanafalsafa John Searle mwaka 1969. Jambo liwe la wakati ujao, na mtendaji awe msemaji mwenyewe. Msikilizaji awe analitaka, na msemaji aamini hivyo. Lisiwe jambo ambalo kila mmoja anajua lingetokea hata bila kusemwa. Kisha, msemaji akusudie kauli yake ieleweke kuwa amejifunga kulitenda. Sharti la pili ndilo wengi hulisahau: "Nakuahidi nitakukomesha" ina kitenzi waziwazi, na bado ni tishio. Kwa hiyo kitenzi hakihitajiki, wala peke yake hakitoshi.

Masharti matatu ya mwanzo yametimia kwako. La mwisho ndilo la kuangalia: ulimjibu nini? Kama ulisema "Haya, nitakusubiri" naye akanyamaza, amejifunga. Kama aliongeza "nikipata nafasi", alijifunga kwa sharti, na kama nafasi hakuipata hakuvunja kitu.

Huenda sasa akajitetea kwamba tangu mwanzo hakuwa na nia ya kuja. Hapo Austin anatofautisha kasoro mbili. Asiye na mamlaka ya kufungisha ndoa akitamka maneno yote sawasawa, tendo ni batili, ndoa haipo. Anayeahidi bila nia ametenda vibaya, lakini tendo limekamilika: ahadi ipo, na deni lake lipo.

Siku nyingine akikuambia "nitakuja", muulize palepale, "Nikutegemee?" Akiitikia "ndiyo", amejifunga sawa na aliyetamka "naahidi".