Kitufe cha Google na Apple: wadogo zangu, barua pepe si mtu

Wadogo zangu mnaoanza kuweka vitufe vya kuingia kwa akaunti ya Google au Apple kwenye programu za simu, kila nikipitia msimbo wenu naandika maoni yaleyale. Nayaweka hapa yote, myasome kabla ya kunitumia kazi.

1. Msifungue ukurasa wa kuingia ndani ya WebView, yaani kivinjari kilichopachikwa ndani ya programu yenu. Google inaukataa, na RFC 8252 ya 2017, mwongozo wa kuingia kwenye programu za simu, inataka kivinjari cha simu chenyewe, pamoja na PKCE, kinga dhidi ya wizi wa msimbo wa idhini.

2. Kuingia kwa Google kukikubali kwenye simu yako ya Android na kugoma programu ikishafika Play Store, usiguse msimbo. Play imetia saini kwa ufunguo wake. Chukua SHA-1 (alama ya utambulisho) ya ufunguo huo kwenye Play Console, iandikishe kwenye mradi wako wa Google Cloud.

3. Hapa naomba tukae. Tokeni ya utambulisho, ile hati yenye saini ambayo Google au Apple hutoa mtu akiingia, huja na sub, kitambulisho cha kudumu cha mtumiaji, na hiyo haibadiliki hata mtu akibadilisha barua pepe. Bado naona majedwali yanayomtambua mtumiaji kwa barua pepe! Kwenye mradi mmoja, mama mmoja aliingia kwa Apple akachagua kuficha anwani yake, tukapewa ile ya privaterelay.appleid.com, anwani ya kupitishia barua ambayo Apple humtengenezea mtu. Alipohamia Android akabonyeza Google, akakuta akaunti tupu. Akatuandikia: "Kumbukumbu zangu zote zimekwenda wapi?" Zilikuwepo, chini ya anwani ambayo hajawahi kuitumia popote.

Kijana wetu akaleta tiba: barua pepe zikifanana, seva iunganishe akaunti. Kwanza isingemsaidia yule mama, maana anwani zake hazikufanana. Pili, ni hatari, na toleo lile nililizuia. Mwizi anajisajili kwa barua pepe yako na nenosiri lake, bila kuithibitisha. Anasubiri. Siku unapoingia kwa Google, seva inawaunganisha, na nenosiri lake linaendelea kufungua akaunti ambayo sasa ina mambo yako.

Tengenezeni jedwali la pembeni lenye mtoa huduma na sub. Mtumiaji mmoja awe na safu mlalo hata tatu, moja kwa kila njia ya kuingia. Kuunganisha afanye mwenyewe kwenye mipangilio, akiwa ameshaingia. Na programu isitume sub peke yake. Itume tokeni nzima, seva ikague saini, iss (aliyeitoa), aud (programu iliyokusudiwa) na exp (muda wa kuisha). Ukiruka aud, unapokea tokeni iliyotolewa kwa programu ya mtu mwingine.

4. Apple hutoa jina la mtu mara ya kwanza tu. Lihifadhi papo hapo. Ukitaka kujaribu tena, ondoa programu yako kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Apple.

5. Kufuta akaunti ndani ya programu ni sharti la Apple tangu 30 Juni 2022, na tokeni za Apple za mtumiaji huyo zibatilishwe. Kazi hiyo iingie kwenye tiketi ileile ya kitufe cha kuingia, msingoje mkataliwe wiki ya kutoa toleo.