Mafaili 36 na Aprili aliyepotea

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakusanya takwimu za sangara na dagaa kwenye mialo mitatu (vituo vya kushushia samaki) ya Ziwa Victoria. Nina mafaili 36 ya CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu: kila mwalo, faili moja kwa mwezi. Kwenye R, lugha ya kompyuta ya kuchakata takwimu, nimeandika read.csv, amri ya kusoma faili, mara 36, na jana nikagundua Machi nimeisoma mara mbili, Aprili sijaisoma kabisa. Nikajaribu list.files, inayoorodhesha majina ya mafaili, R ikadai faili halipo, na mimi naliona kwenye folda! Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukinakili mstari mara 36, mkono utateleza tu. Hata wangu umeshateleza.

Kuhusu hilo faili "lisilokuwepo": list.files ukiiita hivi hivi inakupa jina tupu, bila folda. Ni kama kumtuma mtoto kwa Juma bila kumwambia Juma wa mtaa gani. Ongeza full.names = TRUE, jina lije na folda yake (hapa folda nimeiita "mialo"):

majina <- list.files("mialo", pattern = "\\.csv$", full.names = TRUE)
yote <- lapply(majina, function(f) cbind(read.csv(f), chanzo = basename(f)))
jedwali <- do.call(rbind, yote)

Hapo lapply inachukua jina mojamoja, inasoma faili, inakurudishia orodha ya majedwali; rbind inayapanga moja chini ya jingine. Safu ya chanzo, ambayo cbind inaiongeza ikiwa na jina la faili, usiidharau. Bila hiyo, ukikuta sangara wa kilo 900 hutajua ni mwalo gani wa kwenda kuuliza.

Mstari wa tatu ukigoma, tazama vichwa vya safu. Niliwahi kukesha kwa sababu karani mmoja aliandika "Kilo" na wenzake "kilo". Kwa R hayo ni majina mawili tofauti. Siku hizi, kabla ya kuunganisha, naandika unique(lapply(yote, names)). Likitoka kundi moja, salama. Yakitoka mawili, kuna karani wa kutafutwa.

Na kwenye majina ya mafaili, miezi iite 01, 02, 03. R hupanga majina kiherufi, kwa hiyo ukiandika 1 hadi 12, baada ya 1 zitakuja 10, 11 na 12, ndipo 2 ifike.

Ukimaliza, andika table(jedwali$chanzo), uhesabu majina. Yawe 36, na Aprili awemo mara tatu.