Mkeka wa kubeti nao ni sanamu?

Mkuu, umeuliza kubeti kunawezaje kuitwa ibada ya sanamu wakati hakuna kinyago unachokipigia magoti.

Soma Isaya 65:11. Wanaomwacha Bwana wanalaumiwa kwa kumwandalia meza Bahati, ambaye kwa Kiebrania ni Gadi, mungu wa bahati. Kwa hiyo huyu Bahati unayembetia kwenye simu yako si mgeni. Paulo naye, Wakolosai 3:5, anaiita tamaa ibada ya sanamu bila kutaja mti wala jiwe.

Mimi nilibeti miaka minne. Mchungaji akihubiri, nachungulia matokeo. Hata sala yangu ilikuwa "Bwana, imebaki timu moja tu". Cheka, ruksa.

Kwenye kuacha ndiko nilikokwama zaidi, maana nilitaka kwanza "nirudishe hela yangu". Haikurudi. Kilichonifungua macho ni Matendo 19:19: waliofanya uganga Efeso walichoma vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Wangeweza kuviuza kwanza, hawakuviuza. Basi nikafunga akaunti, salio likiwemo, mke wangu akashika namba ya siri ya pesa za simu, na nikamweleza mzee wa kanisa ukweli wote. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote.

Jumamosi za mwanzo nilihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku hizi saa hizo nipo mazoezi ya kwaya, naimba besi, ingawa wenzangu wanadai napotea.