Trekta likiinua pua, angalia ulichofunga nyuma

Msimu wangu wa pili wa kulima Kiteto nilinunua trekta la mtumba, farasi 75, linalovuta kwa matairi ya nyuma tu. Mwenyewe alikuwa ameshawauzia watu wa chuma chakavu vile vyuma vizito vinavyopachikwa mbele ya bonet. Nikaona afadhali, trekta jepesi litakula dizeli kidogo.

Mvua za Desemba, tela la jirani likanasa kwenye tope jeusi la mbugani. Tukafunga mnyororo juu kabisa, pale unapopachikwa mkono wa tatu wa plau, maana utingo wangu hakutaka kuinama kwenye matope. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi. Tela halikutikisika. Kilichoondoka ni bonet: ghafla naona mawingu matupu. "Klachi bosi, klachi!" Nikakanyaga, pua ikarudi chini kwa kishindo, nikajing'ata ulimi.

Tairi likigoma kuzunguka, injini humalizia nguvu zake kwenye mwili wa trekta, nao huzunguka ekseli kuelekea nyuma. Kupinduka hivyo huchukua kama sekunde moja na nusu tu, na ikipita nusu ya muda huo hata klachi haikusaidii. Nilibahatika. Tangu siku hiyo chochote ninachovuta kinafungwa kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya trekta, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma, matope au pasipo matope.

Pua nayo inataka uzito wake. Ukiwa umeinua plau, matairi ya mbele yabaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu: la kilo 2,500, basi kilo 500. Ukipata mzani wa malori kwenye ghala la mahindi, pandisha matairi ya mbele peke yake usome. Usipoupata, usukani utakuambia. Ukikata kona trekta likaendelea kwenda mbele, pua ni nyepesi.

Maji kwenye matairi ya nyuma ni mazuri, lakini yanatibu ugonjwa mwingine. Vali ikiwa juu, unajaza mpaka maji yafike usawa wake, kama robo tatu ya tairi. Tairi la 18.4-30 humeza zaidi ya lita 300. Unapata mshiko, na trekta linakaa chini zaidi kwenye mteremko wa ubavuni. Pua hayaishushi hata kidogo.

Huo mteremko wa ubavuni usiuamini kwa kuhesabu magurudumu. Ekseli ya mbele imeshikwa katikati kwa pini moja, inacheza kama pembea, kwa hiyo trekta limekaa juu ya mafiga matatu: ile pini na matairi mawili ya nyuma. Tanua matairi, plau ipite karibu na ardhi, na kona uichukue taratibu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kukuangusha kwenye kona ileile inakuwa mara nne.

Kwenye tela la ekseli moja, lumbesa zikirundikwa mbele zinainua pua ya trekta. Zikirundikwa nyuma zinainua drobaa, na mteremkoni matairi ya trekta yanateleza ukishika breki. Panga kuanzia juu ya ekseli, kisha mbele zizidi kidogo.

Vyuma vya mbele nilivipata baadaye, kwa bei iliyoniuma. Bolti zake hukaguliwa kila asubuhi na yule yule utingo, bila kutumwa.